Mama Neema anatafuta jina la Kituruki

Saluni yenyewe ni chumba kimoja cha kupanga, Majengo, Tunduma, mahali ambapo ukinyamaza kidogo unasikia malori yakipumua breki kwenye foleni ya kuingia Zambia. Ukutani kuna runinga, chini yake king'amuzi, na chini ya king'amuzi maboksi ya rasta yaliyopangwa kwa rangi. Nilikuwa nimempeleka binti yangu kusukwa na, kama mwanaume yeyote anayesubiri saluni, sikuwa na pa kuweka macho. Mwenye saluni sote tunamwita Mama Neema, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Wakati huo alikuwa na mimba ya pili, miezi saba au minane, na alikuwa anarudia kutazama kwenye flashi ile tamthilia ya Kituruki ambayo Azam waliileta kwa sauti za Kiswahili, tukaizoea kwa jina la Sultan.

"Mwalimu," akaniuliza, vidole vikiendelea kichwani kwa mteja, "Hurremu maana yake nini? Nataka jina la Kituruki, la Kiarabu-Kiarabu hivi. Baba Neema akigoma nitamwambia limo kwenye Biblia."

Baba Neema ni Mnyakyusa wa Tukuyu, dereva wa masafa marefu, mtu wa kanisa. Kumdanganya kwa Biblia si kazi ndogo. Nikamjibu upesi kuliko ilivyofaa: Hürrem si jina la Kiarabu, wala mzizi wake si wa Kituruki. Ni la Kiajemi, khurram, mtu mchangamfu, mwenye furaha. Kama unataka jina ambalo Waturuki walilitoa kwa Waarabu wakawapa mabinti zao, unalo tayari humu ndani, linakunywa soda pale mlangoni. Linaitwa Neema. Waturuki wanasema Nimet.

Alicheka. Alidhani namkwepa. Lakini sikuwa nakwepa, na tangu siku ile nimekuwa nalizungusha jambo hili kichwani, kwa sababu swali la "jina hili maana yake nini" linaulizwa kila siku na karibu kila mara linajibiwa vibaya. Tunafungua kitabu cha majina au simu, tunasoma "asili: Kiarabu, maana: baraka", tunafunga. Asili ni jambo moja na njia ni jambo jingine. Jina hufika mahali kwa kupita mikono ya watu, na kila mkono huliachia alama. Ukitaka kujua jina lina maana gani Tunduma, uliza lilifikaje Tunduma.

Tuanze na sauti, maana huko ndiko ushahidi uliko wazi zaidi. Kwa Kiarabu neno ni ni'ma, lenye konsonanti tatu za mzizi, nuni, aini na mimu, na mwishoni ile te ambayo watu wa chuo huiita te iliyofungwa, tā' marbūta. Ukisimama kwenye neno, te hiyo hunyamaza na unabaki na a. Ukiendelea mbele na neno jingine, inafunguka, na t inasikika. Herufi moja, basi, yenye tabia mbili. Kiswahili kikachukua tabia ya kwanza na Kituruki ya pili, na si neno hili tu. Sisi tunasema saa, wao saat. Sisi jamaa, wao cemaat, ambapo c yao ni j yetu. Sisi dola, wao devlet. Sisi sharia, wao şeriat. Baraka na bereket, hekima na hikmet, rehema na rahmet, laana na lanet. Ukiishika kanuni hii unaweza kusoma nusu ya gazeti la Ankara kwa kubahatisha, ingawa ina matobo. Umma tumeuchukua mara mbili, tukawa na umma na umati, kama mtu aliyenunua kitu kilekile sokoni asubuhi na jioni.

Kwa nini wao wakachukua t? Kwa sababu Waturuki hawakujifunza maneno mengi ya Kiarabu kwa Waarabu. Walijifunza kwa Waajemi. Karne nyingi lugha ya mashairi, ya barua za kiserikali na ya adabu katika tawala za Kituruki ilikuwa Kiajemi, na Waajemi walikuwa na mazoea ya kuiandika te ile wazi. Kwa hiyo Nimet ni jina lililopita kwenye kalamu na wino, kwenye vitabu na ofisi. Sisi maneno yetu tuliyapokea kwa masikio, kwa mabaharia, kwa wafanyabiashara, kwa walimu wa chuo wanaosimama mwisho wa aya ili wavute pumzi. Neema ni jina lililopita mdomoni.

Tazama sasa jambo linalonifurahisha zaidi. Waturuki wenyewe wana tabaka mbili za majina ya kike ya Kiarabu, na unaweza kuzitenganisha kwa sikio tu. Ayşe, Fatma, Hatice, Zeynep, Emine, Meryem, Halime: haya ni Asha, Fatuma, Hadija, Zainabu, Amina, Mariamu na Halima wetu, na hakuna hata moja lenye t mwishoni ingawa mengi yana te ileile iliyofungwa. Hayo yaliingia na dini, yakasikika msikitini na nyumbani, yakalainishwa na ndimi za wakulima wa Anatolia. Nimet, Saadet, Hikmet, İffet, Fazilet ni majina ya fikra, yaliyotoka kwenye kurasa. Jina la tabaka la kwanza ni la mwanamke anayeheshimiwa katika dini, mara nyingi bibi wa Mtume au binti yake. La pili ni neno la kamusi lililovikwa mtoto. Mtu anapokwambia tu kwamba jina fulani la Kituruki "limetoka Kiarabu", bado hajakwambia kama lilitoka kwa muadhini au kwa karani.

Ile aini ya katikati, sauti inayobanwa kooni, Waturuki waliiacha tu: ni'met ikawa nimet. Waswahili hatukuweza kuitamka, lakini hatukukubali ipotee bure, tukaacha irabu mbili mahali pake kama watu wanaoacha kiti wazi mezani. Ndiyo maana tuna neema, Saada, maana, taabu, baada, jamaa. Irabu zile mbili ni kaburi la aini. Karani anayeandika "Nema" kwenye fomu kwa kuona e moja inatosha, amefukua kaburi hilo bila kujua.

Maana nayo ina historia yake. Mzizi huu wa n-'-m katika Kiarabu una ukoo mpana: raha, ulaini, maisha mazuri, na pia an'ām, wanyama wa kufugwa, ndilo jina la sura ya 6 ya Kurani. Wasukuma waliohamia bonde la Ziwa Rukwa na ng'ombe wao hawahitaji kuelezwa uhusiano kati ya mifugo na neema. Hata naam, lile jibu la mtu mzima anapoitwa, lina herufi hizohizo tatu. Katika Kurani ni'ma ni fadhila za Mungu kwa wanadamu, zile ambazo binadamu akijaribu kuzihesabu hamalizi, na sura ya Nyuki, ya 16, imejaa orodha ya fadhila hizo: maziwa, matunda, asali, kivuli, mavazi, njia za kupita.

Waturuki walipolichukua, walilishusha hadi mezani. Nimet kwao ni kila riziki, lakini zaidi ya yote ni mkate. Kipande cha mkate kikianguka chini, mtu aliyelelewa vizuri hukiokota, hukibusu, hukigusisha paji la uso, kisha hukiweka pembeni mahali pa juu ili kisikanyagwe. Wakipata ndege, sawa. Mtoto akichezea mkate huambiwa kwamba hiyo ni nimet. Msichana anayeitwa hivyo, basi, amepewa jina ambalo nyumbani kwao husikika kila siku juu ya sahani. Nimet Çubukçu, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kushika wizara ya elimu ya Uturuki mwaka 2009, alibeba jina hilo.

Kiswahili cha zamani nacho kilikuwa kimelishusha, ila kwetu lilitua ghalani. Mwaka wa neema ni kinyume cha mwaka wa njaa. Nchi yenye neema ni nchi ya chakula. Huku kwetu maana hiyo bado inaishi hata kama hatuitaji. Msimu wa mavuno, magunia ya mahindi ya Mbozi na Momba yakipakiwa kando ya barabara, punje humwagika kwenye lami. Wakishaondoka wapakiaji, wanakuja kina mama na mafagio mafupi ya majani na ungo, wanafagia, wanapepeta mchanga, wanaondoka na kilo mbili tatu. Nilimsikia mmoja akimkemea kijana aliyepita juu ya punje na pikipiki. Hakutaja neno neema. Alisema tu, "Unakanyaga ugali." Mwanamke wa Konya, kule Uturuki, angemwelewa bila mkalimani.

Lakini binti wa Mama Neema hakupewa jina kwa sababu ya ghala. Hapa ndipo njia inapopinda. Wamisionari waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili walikuwa na neno la Kigiriki, kharis, upendeleo ambao mtu hakuufanyia kazi wala hawezi kuulipa, na walilihitajia mwenzake. Wangeweza kuchukua fadhili, wangeweza kuchukua hisani. Wakachukua neema. Kuanzia Biblia ya zamani ya pwani hadi ile ya Muungano ya mwaka 1952 ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, neno lililokuwa la riziki na wingi likabebeshwa fundisho zima la wokovu. Jina likapanda kutoka ghalani hadi mimbarini.

Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ni nchi ya makanisa. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891 na Mbozi mwaka 1899. Agano Jipya la Kinyiha lilichapishwa mwaka 1913. Waliobatizwa mwanzoni walibeba majina ya watu wa Biblia, Tabitha, Marta, Rebeka, Yeremia. Majina ya maneno ya Biblia, Neema, Rehema, Imani, Tumaini, Faraja, Furaha, yalishamiri baadaye, Kiswahili kilipokuwa lugha ya shule na ya mahubiri, si ya soko tu. Na karibu yote hayo ni ya Kiarabu. Furaha ni farha. Faraja inatoka kwenye faraj, kufunguliwa baada ya dhiki. Tumaini lina mzizi wa utulivu wa moyo. Imani na Amani na Amina ni watoto wa mzizi mmoja. Mkristo wa Vwawa ambaye hajawahi kuingia msikitini amewapa watoto wake wanne majina manne ya Kiarabu, na akiulizwa atasema ni ya Biblia. Hakosei. Mimi nasema yuko sahihi zaidi kuliko kamusi, kwa sababu anaeleza njia iliyomfikishia.

Wanyakyusa walikuwa na uwezo wa kuikwepa njia hiyo, na mara nyingi waliikwepa. Lugha yao ina majina yake ya kikanisa, yaliyotafsiriwa moja kwa moja: Lugano ni upendo, Lusajo ni baraka, Lusekelo ni furaha, Lusubilo ni tumaini, Atupele ni "ametupa". Na Ipyana ni neema, neno lilelile la mimbarini, bila Mwarabu katikati. Ukivuka geti na kuingia Nakonde, upande wa Zambia, unakuta njia ya tatu: kule wanaitwa Grace, Mercy, Gift, Blessing. Mama anayeuza nyanya upande huu anaitwa Rehema, anayenunua kutoka upande ule anaitwa Mercy. Wanapunjana kwa kwacha na shilingi huku wanaitwa jina moja. Mpaka huu, ambao tangu mwaka 2019 una kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji, una kaunta ya kila kitu isipokuwa ya majina.

Sasa nirudi kwa Hürrem, kwa sababu swali la Mama Neema lilikuwa na kina kuliko jibu langu.

Yule mwanamke wa kwenye tamthilia alikuwapo kweli. Alitoka nchi za Waruthenia, eneo ambalo leo ni Ukraine, akakamatwa na wateka-watu, akauzwa, akaishia katika nyumba ya Sultani Süleyman aliyetawala mwaka 1520 hadi 1566. Alikufa mwaka 1558 akiwa mke wa ndoa wa Sultani, jambo lililowashangaza watu wa zama zake. Hürrem ni jina alilopewa baada ya kununuliwa. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya jumba lile: msichana mateka aliingia na jina alilopewa na mama yake, akapewa jipya, mara nyingi la Kiajemi, la kupendeza, la ua au mwanga au furaha. Nurbanu, malkia wa nuru. Gülfem, kinywa cha waridi. Mabinti wa damu ya Sultani kwa kawaida waliitwa Hatice, Ayşe, Fatma, Esma. Desturi hii nayo ina vighairi vyake. Binti wa Hürrem mwenyewe aliitwa Mihrimah, jua na mwezi, na Safiye, mateka mwingine aliyepanda hadi kuwa mama wa Sultani, alipewa jina la Kiarabu ambalo sisi tunaliita Safia. Hata hivyo mtu wa Istanbul wa wakati ule, akisikia jina, alikuwa na dokezo la nani amezaliwa na nani amenunuliwa.

Pwani yetu ilikuwa na dokezo hilohilo. Katika karne ya 19 mwungwana wa Lamu au Unguja aliwaita mabinti zake Fatuma, Aisha, Zainabu. Mtumwa aliyetoka bara alipewa jina la siku, la kito, la bidhaa, au la heri ambayo bwana alitarajia kuipata kwake: Almasi, Feruzi, Mabruki, Faraji, Bahati, Zawadi. Baada ya amri ya mwaka 1897 ya kukomesha utumwa Unguja, wapo waliobadili majina yao, wakachukua ya dini, wakajiondolea kile kilichowatangulia kila walipotajwa. Katika Tanganyika sheria haikuufuta utumwa hadi mwaka 1922.

Na njia ya utumwa ilipita hapahapa. Miaka ya 1880 Mlozi na wenzake, wafanyabiashara Waswahili, walikaa karibu na Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, na vita vyao na kampuni ya Waskoti vilianza mwaka 1887 na kwisha kwa Mlozi kunyongwa mwaka 1895. Barabara ya Stevenson, iliyokusudiwa kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ilikatiza nyanda za Wanyamwanga karibu na mahali Nakonde ilipo leo. Kwa hiyo Kiswahili chenye maneno yake ya Kiarabu kilifika kwenye ukanda huu kabla ya Biblia, kikiwa kimebebwa na watu waliobeba bunduki na minyororo. Majina kama Bahati na Zawadi yalipita hapa kwa mara ya kwanza yakielekea pwani shingoni mwa watu. Yaliporudi, yalirudi na wachungaji na walimu wa shule, yakiwa yameoshwa. Leo Zawadi ni jina la mtoto aliyesubiriwa kwa machozi. Neno lenyewe linahusishwa na zād ya Kiarabu, masurufu ya msafiri, na sioni jina linalofaa zaidi katika mji ulioanzia kwa wasafiri na bado unaishi kwa wasafiri. Wala sidhani kuna mama wa Tunduma anayepaswa kuona haya kwa sababu ya Lamu ya mwaka 1880. Alama ile haikufika huku. Njia ilikatika katikati, na jina likafika bila aibu yake.

Hapa kuna jambo ambalo Kituruki na Kiswahili vinafanana na Kiarabu hakimo. Kiarabu hugawa dunia nzima kwa jinsia. A ile ya mwisho ni alama ya kike. Kituruki hakina jinsia ya kisarufi. Kwao "o" ni yeye, mwanamke au mwanamume, kama kwetu "yeye". Alama ya kike ilipofika katika lugha hizi mbili ilikuwa kama stempu ya posta ya nchi nyingine: nzuri kuitazama, haina thamani dirishani. Kwa hiyo Uturuki ikawa na rais wa pili aliyeitwa İsmet, jina lenye te ya kike, jenerali mzima. Hikmet wakawa wanaume na wanawake. Nasi tukawa na Baraka wa kiume, akiwemo yule wa Kogelo aliyemwachia mwanawe jina hilo hadi likaingia Ikulu ya Marekani. Imani, Amani, Furaha na Zawadi huwezi kujua jinsia mpaka mwenyewe aingie mlangoni.

Ila Wanyamwanga walikuwa na dawa yao. Jina la ukoo lenyewe lilibeba jinsia: mwanamume Si-, mwanamke Na-. Kaka ni Sinyangwe, dada ni Nanyangwe. Kwa majirani zao Wamambwe na Walungu ni hivyohivyo, Sikazwe na Nakazwe. Miongoni mwa wanawake walionusurika utumwa wa ukanda huu, ambao mwanahistoria Marcia Wright aliandika maisha yao, yumo anayeitwa Narwimba. Ukisikia Zawadi Nanyangwe hukuwa na haja ya kuuliza. Lugha iliyopokea jina lisilo na jinsia iliongeza jinsia mahali pake, kimyakimya, bila kamati. Tatizo ni fomu. Fomu ya kisasa inataka jina la baba kama lilivyo, herufi kwa herufi, na hivyo madarasani sasa unakuta binti anaitwa Zawadi Sinyangwe. Bibi zao wakisikia hucheka kwanza, halafu hawacheki.

Fomu ina mengi ya kujibu. Mpango wa kuwasajili watoto walio chini ya miaka mitano ulianzia Mbeya mwaka 2013, Songwe ikiwa bado sehemu yake, na ni jambo jema: cheti kinapatikana karibu na mama anapopata chanjo. Lakini jina huandikwa kwa sikio la aliyeshika kalamu. Rehema anakuwa Lehema, kwa sababu ndimi zetu huku hupenda l. Hadija, Khadija na Kadija ni watoto watatu kwenye daftari moja. Jina geni la tamthilia likifika pale kaunta, likiwa limeshapita Kiajemi, Kituruki, tafsiri ya Kiswahili na spika ya runinga, unaweza kuwaza lenyewe litaandikwaje. Mwarabu na Mturuki wa zamani, hata Mswahili wa pwani, wangelikamata kwa herufi zilezile chache za Kiarabu na kila mmoja akalisoma kwa mdomo wake. Waturuki waliacha hati hiyo mwaka 1928 kwa sheria ya siku moja. Sisi tuliiacha polepole, shule kwa shule, kiasi kwamba hakuna anayekumbuka siku.

Na majina ya Kituruki yana mitego ambayo kitabu cha majina hakikuonyi. Elif ni zuri na salama: ni alifu, herufi ya kwanza, iliyonyooka kama mwanzi, Waturuki humsifu msichana mrefu mwembamba kwa herufi hiyo, nasi tulioanzia chuo tunaijua kwa ujiti wake. Melek ni malaika. Şükran ni shukrani, Nur ni nuru, Cemile ni Jamila. Lakini Aleyna, jina lililovuma sana kule, ni kipande cha sentensi ya Kiarabu, "juu yetu". Wazazi wamelipenda kwa sauti yake. Na mteja mmoja pale saluni alitaka Sanem, jina la msichana mwenye vituko kwenye tamthilia nyingine. Washairi wa Kiajemi na wa Kituruki walimwita mpenzi wao sanem, yaani mzuri mpaka unataka kumwabudu. Ni ile sanam ya Kiarabu. Nikamwuliza kama angependa mtoto wake aitwe Sanamu. Alinitazama kwa muda, kisha akamtazama Mama Neema, kama anayeuliza nani amemruhusu huyu mzee akae hapa.

Kwa wakubwa, majina haya hukutana bila kutambuana. Januari 2017 Rais Erdoğan alifika Dar es Salaam pamoja na mkewe, Emine, ambaye huku tungemwita Mama Amina bila kufikiri. Aprili 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Ankara. Jina lake, lenye maana ya aliyeinuka juu, Waturuki wanalo na wanaliandika Samiye. Wakandarasi wa Kituruki wamejenga reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam, na sina shaka kwenye orodha za mishahara yao kuna Neema kadhaa waliofanya kazi karibu na mtu ambaye shangazi yake ni Nimet, na hakuna aliyegundua. T moja imewatenganisha.

Mama Neema sikumshawishi. Aliniambia Nimet linasikika kama mtu anayekiri kosa, "nimet... nimetenda nini?", na nikakubali kwamba hilo ni pingamizi la kweli kwa lugha yetu, ambapo nime- lazima ifuatwe na kitendo. Saadet alilipenda kidogo, kwa siku mbili. Akarudi kwa Hürrem. Nilimwambia habari ya mateka na jina la kununuliwa, nikidhani nitamkatisha tamaa. Akaacha kusuka. "Sasa huyo si ndiye," akasema. "Walimpa jina la mtumwa akalifanya la malkia. We Mwalimu unaona ubaya wapi?" Sikuuona.

Nilipita tena baada ya miezi mitatu. Foleni ya malori ilikuwa imerudi nyuma kuelekea Mpemba, runinga imezimwa kwa sababu umeme ulikatika, na Neema, miaka saba, alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni kwa kitenge, akirukaruka taratibu ili alale. Ni wa kiume. Nikauliza jina.

"Baba yake aliwahi kliniki kabla yangu," akasema Mama Neema, bila hasira nyingi. "Kaandikisha Ipyana."